Galastivida: niliyokosea kwenye vichaka vya Krete

Nyumbani kwa babu, Singida, boma lilikuwa na wigo wa minyaa. Mtoto yeyote aliyelelewa nyuma ya wigo ule alijua sheria moja: usivunje. Ukivunja kitawi, maziwa yanachuruzika, na kuhusu maziwa yale kuingia jichoni bibi hakuwahi kusema "yatakuwasha". Alisema "utapofuka", basi, akaendelea kupepeta mtama wake. Nikakua nikiamini kwamba kwa mimea ya maziwa sina cha kufundishwa na mtu. Imani hiyo ilinigharimu ploti 9 za kuhesabia mimea, wiki 3, zaidi kidogo ya euro 250, na usiku mmoja nilioamini kabisa kwamba maneno ya bibi yametimia.

Naandika kwa ajili ya wenzangu wanaopata ufadhili wa kusomea misitu, malisho au mazingira kwenye nchi za Mediterania, wanaotua kule wakiwa na viatu vizuri na daftari jipya kama nilivyotua mimi. Nilipelekwa Krete, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Ugiriki, kile kile ambako Paulo alimwacha Tito. Nilifika mwishoni mwa Septemba 2022. Swali la tasnifu yangu lilikuwa rahisi kulitamka: mbuzi wakilishwa kilima kimoja miaka na miaka, ni vichaka gani vinabaki? Jibu moja linajulikana tayari, mbuzi hawapendi kula yuforbia, mimea yenye utomvu mweupe kama maziwa. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu yuforbia ngapi zipo, za aina gani, kwenye miteremko iliyolishwa sana na isiyolishwa sana. Kuhesabu tu, nikajisemea. Mnyaa wenyewe ni yuforbia, Euphorbia tirucalli. Nimezaliwa nao.

Kosa la kwanza nililifanya wiki ile ile ya kufika. Tulipelekwa matembezi kwenye majabali yanayotazama bahari, magharibi ya kisiwa. Pale nikaona vichaka vya kimo cha mtu, mviringo kama mwavuli uliofunguliwa, vyote vijiti vitupu vya kijivu. Nikaandika daftarini: "Vimekufa. Ukame au moto?" Januari nikapita tena njia ile ile nikakuta "maiti" zangu zimevaa majani mabichi hadi ncha za matawi. Machi zilikuwa njano tupu, na mwezi Mei majani yakageuka rangi ya chungwa, mengine mekundu, mlima mzima ukaonekana kama unawaka. Hii ndiyo Euphorbia dendroides. Hupukutisha majani kiangazi na kuchipua mvua za vuli zikianza.

Kilichonichekesha baadaye ni hiki: mtu wa Singida ndiye angepaswa kuelewa mapema kuliko wote. Mbuyu unafanya nini kwetu? Unabaki mtupu miezi ya ukame na hakuna anayeuombea rambirambi. Lakini mimi nilikuwa nimebeba kichwani Ulaya ya vitabu vya shule, ile ambayo miti hupukutika wakati wa baridi na theluji. Kwenye vichaka vya Mediterania msimu mgumu ni Juni hadi Septemba, si Desemba. Kwa hiyo ukiweza kuchagua tarehe ya kwenda fildi, iwe kati ya Februari na mwanzo wa Mei. Ukifika Agosti utakuta miiba, vijiti na mbuzi.

Nilianza ploti zangu katikati ya Februari, kwenye miteremko iliyo chini ya Milima Meupe, ile ambayo wenyewe huiita Lefka Ori, njia ya kupandia uwanda wa Omalos. Juu kulikuwa na theluji. Chini, kwenye mita mia nne au tano, kulikuwa na upepo mbaya na kile Wagiriki wanachokiita frigana: vichaka vifupi, vya kufika goti au chini yake, vimejikunja kama mito ya kulalia, vingi vina miiba na vingi vinanukia ukivikanyaga. Nilinyoosha kamba, nikapima mita 10 kwa 10, nikaanza kuhesabu mito ya miiba.

Hapo ndipo palipokuwa na mtego. Mto wa miiba wa kule unaweza kuwa yuforbia, Euphorbia acanthothamnos. Unaweza pia kuwa Sarcopoterium spinosum, ambayo ni ya ukoo wa waridi na haina undugu wowote na mnyaa. Vyote viwili vina kimo kilekile, umbo lilelile la duara, vimekaa ubavu kwa ubavu kwenye mawe yaleyale. Mwezi wa Februari, kabla havijachanua, ukisimama hatua 3 mbali utaapa ni mmea mmoja. Nami nilisimama hatua 3 mbali. Niliandika "acanthothamnos" ploti baada ya ploti, nikifurahia namba zinavyopanda: kilima kimejaa yuforbia, mbuzi wamefanya kazi yao, tasnifu inajiandika yenyewe.

Mtu atauliza, kwa nini hukuvunja kitawi uone kama kina maziwa? Swali zuri. Sikuvunja kwa sababu bibi alisema usivunje. Sisemi utani. Nilikuwa na miaka 29, nina shahada, nina glavu mfukoni, na mkono ulikataa.

Aliyeniokoa ni mchungaji mmoja mzee aliyepita na mbuzi wake nikiwa ploti ya tisa. Huko mzee wa namna ile huitwa barba, kama sisi tunavyosema mzee, na mwenzangu Mtunisia, aliyekuwa anajua Kigiriki cha kuombea maji, ndiye aliyekuwa mkalimani. Barba aliuliza tunahesabu nini. Nikamwonyesha. Akatazama karatasi, akatazama kilima, akainama na ncha ya fimbo yake. "Astivida," akasema, akigusa mto wa kwanza. Wa pili: "Astivida." Wa tatu, wa nne, astivida. Wa tano akaupiga kwa fimbo, tone jeupe likatoka, akainua uso: "Galastivida."

Gala ni maziwa. Galastivida ni astivida yenye maziwa. Jina lenyewe la kijijini lilikuwa limebeba funguo yote niliyokuwa naitafuta kwenye vitabu, na lilikuwa linakiri wazi kwamba hata wenyeji wanaviona vimefanana mpaka ukivijeruhi. Katika ile mito niliyoiita yuforbia, barba alinihesabia mbele yangu: 20 kwa 3. Ishirini ni astivida.

Nilirudia ploti zote 9. Pikipiki ya kukodi euro 20 kwa siku, siku 6, ukijumlisha mafuta na chakula unakaribia euro 170 ambazo hazikuwa kwenye bajeti ya mtu. Msimamizi wangu alikuwa muungwana, hakunigombeza. Aliniuliza tu: "Ulipiga magoti?" Sikuelewa. Akaeleza kwamba mmea wa kimo cha goti hutambuliwa kwa kupiga magoti.

Basi nikapiga magoti, na haya ndiyo niliyoyaona. Miiba ya galastivida si miiba ya kuzaliwa. Ni vikonyo vya maua ya mwaka jana vilivyokauka bila kuanguka, kwa hiyo kila mwiba umegawanyika mara mbili, tena mara mbili, kama uma. Jina la kisayansi ni Kigiriki cha "kichaka cha miiba". Majani yake ni mamoja-mamoja, ya mviringo, kingo hazina meno. Astivida matawi yake yanakwenda upogo, kulia kushoto kulia kushoto, yanaishia kwenye ncha tupu, na majani yake ni ya vijijani vidogo vilivyopangwa jozi jozi pande mbili za ujiti, kama jani la mkwaju lakini dogo na gumu. Baadaye astivida hutoa matunda mekundu ya mviringo, hapo hata kipofu hakosei. Ila kufikia wakati huo msimu wako wa kazi umeshakwisha.

Baada ya hapo nikawa mvunjaji hodari. Navunja kila kitu. Na kwa muda mfupi nikafikiri nimepata dawa ya yote: kikitoa maziwa ni yuforbia, kisipotoa si yuforbia. Nusu ya pili ni kweli ya kutegemewa, mradi uvunje sehemu changa yenye maji. Nusu ya kwanza si kweli. Mtini unatoa maziwa. Mchunga unatoa maziwa, mchunga huu huu tunaoupika mboga, na jamaa zake wa porini wamejaa kule kando ya njia. Maziwa yanakuambia ukoo unaoweza kuwa wake, hayakuambii jina. Na yuforbia peke yake zina aina kama 2,000 duniani. Krete unaweza kukutana na kadhaa katika asubuhi moja ukitembea kutoka ufukweni kwenda mlimani.

Jina liko kwenye kikombe. Nitalieleza hili polepole kwa sababu ndilo lililogeuza kila kitu kwangu. Nunua lenzi ya mkono ya kukuza mara 10. Yangu niliinunua euro 18, ikiwa na kamba ya kuning'iniza shingoni, na ingekuwa kitu cha kwanza kununua badala ya koti. Lenzi inakaa jichoni kabisa, kisha unasogeza mmea, husogezi lenzi. Chukua kitawi kinachoonekana kama kina ua la njano-kijani. Ukikitazama utaona hakuna petali. Kuna kikombe kidogo, upana wa punje ya mchele, na kwenye ukingo wake kuna tezi 4, zinang'aa kwa asali, mara nyingi kuna sisimizi tayari amezama kichwa. Ndani ya kikombe kuna vijiti vyenye chavua. Kila kimoja ni ua zima la kiume lililopunguzwa likabaki stameni moja. Katikati pametokeza ua moja la kike, nalo ni kifuko cha vyumba vitatu juu ya kikonyo. Kikikua kinapinda na kuning'inia nje ya ukingo kama taa ya karabai. Mnyaa nao una vikombe hivi. Nimekaa nao miaka yote ile sikuwahi kuviona.

Sasa, tezi zile za ukingoni zina umbo, na umbo ndilo linalotenganisha. Zinaweza kuwa za mviringo kama dengu. Zinaweza kuwa mwezi mwandamo wenye pembe mbili. Halafu angalia kifuko: laini, chenye vinundu kama ngozi ya chura, au chenye manyoya? Maswali hayo mawili yalinitatulia zaidi ya nusu ya mizozo yangu. Galastivida: tezi za mviringo, kifuko cha vinundu. Ile ya majabalini, dendroides: tezi zina kingo zilizokatika-katika, kifuko laini. Euphorbia characias, ambayo husimama kwa mashina yanayofika kifuani yenye majani ya kijani-kijivu na kichwa kinene cha maua juu: kifuko kina manyoya mengi kama kifaranga, na yale majani ya juu kabisa chini ya vikombe yameungana mawili mawili yakawa kisahani. Ukiona kisahani kile huna haja ya kubishana na mtu. Vitabu vinasema tezi zake ni za rangi ya kahawia nzito upande wa magharibi wa Mediterania na za njano upande wa mashariki, kwa hiyo usishikilie rangi ya picha uliyoiona mtandaoni.

Kama unaanza leo, usianzie mlimani. Anzia kwenye magugu chini ya ukuta wa bweni lako. Januari na Februari utayapata mawili, yote ya mwaka mmoja, yote mafupi. Moja ni Euphorbia helioscopia: mwavuli wake, yaani kichwa cha maua, una mikono 5, majani yamepanuka nchani na kingo zina meno madogo, tezi mviringo. Jingine ni Euphorbia peplus: mikono 3, majani hayana meno, tezi mwezi mwandamo wenye pembe ndefu. Ukikaa nayo nusu saa na lenzi, umeshajifunza karibu kila tofauti utakayoitafuta milimani, bila upepo na bila pikipiki ya kukodi. Mimi niliyaruka magugu haya kwa miezi mitano nikienda kutafuta yuforbia.

(Kwa kuwa nimeitaja peplus: kuna dawa ya kupaka iliyotengenezwa kutokana na kemikali ya utomvu wake, iliruhusiwa mwaka 2012 kutibu madoa ya ngozi yaliyosababishwa na jua, kisha mwaka 2020 ikaondolewa soko la Ulaya kwa hofu ya saratani ya ngozi. Nasema hivi kwa sababu nilipotuma picha ya gugu hilo kwenye kundi la familia, ndani ya saa moja kulikuwa na mtu anauliza linapakwaje. Halipakwi.)

Majina nayo yalinisaidia nilipoacha kuyaogopa. Katika karne ya 1 tabibu wa Kigiriki Dioskoride aliorodhesha aina 7 za mimea hii ya maziwa, na majina aliyoyatumia bado tunayo: dendroides, wa mfano wa mti; paralias, wa kando ya bahari; helioscopia, mtazama jua. Paralias ukiikuta mchangani ufukweni, majani manene yamepangana kama vigae vya paa, jina lenyewe linakukumbusha uliiona wapi. Hiki ni Kigiriki cha kawaida. Barba angekielewa.

Sasa jicho.

Ilikuwa Aprili, wiki ya kwanza. Siku zile hupuliza upepo wa kusini unaobeba vumbi la Sahara, mbingu inakuwa rangi ya uji wa ulezi, na wenyeji wanasema limekuja vumbi la Afrika, wakinitazama mimi na kucheka. Nilikuwa kwenye kundi kubwa la characias, nimevua glavu kwa sababu na glavu huwezi kushika lenzi vizuri. Nimevunja vichwa kama 10 kuangalia tezi. Vidole vinanata. Vumbi likaingia jicho la kulia, na mkono ukafanya ambacho mkono hufanya.

Kwa dakika moja au mbili hakuna kitu. Hilo ndilo linalodanganya. Nikaendelea kuandika. Kisha likaanza kuchoma, kwanza kama pilipili, halafu kama mtu ameweka ncha ya sindano ya moto na anaizungusha. Machozi, kamasi, jicho likafunga lenyewe. Nilikuwa na maji lita moja na nusu. Nilimimina nusu, nikaona imepungua kidogo, nikatunza iliyobaki kwa ajili ya kunywa. Huo ndio ujinga mkubwa kuliko wote katika simulizi hii. Nikateremka, nikafika chumbani, nikaosha tena kidogo, nikalala na kitambaa usoni. Saa nane usiku niliwasha taa nikaona taa ina pete za rangi kuizunguka na upande wa kulia wa chumba ni ukungu mtupu. Nilikaa kitandani nikamkumbuka bibi na mtama wake. Sikumpigia mtu. Niliona aibu: mtoto wa boma la minyaa, kapofuka kwa mnyaa wa Wazungu.

Asubuhi mwenzangu Mtunisia alinikokota kwa daktari wa macho. Daktari alitia dawa ya rangi, akanimulika kwa mwanga wa buluu, akaniambia utando wa juu wa mboni umeungua, utaota tena, lakini ningeosha vya kutosha palepale nisingefika pale. Euro 60 kwa daktari, 22 kwa dawa za matone, na siku 8 bila fildi, bila jua, bila kusoma skrini. Nilipona kabisa. Wengine wanachelewa zaidi na hawaponi vizuri.

Kwa hiyo ichukue hii kama unavyochukua namba ya simu ya nyumbani: ukiingiwa na utomvu huu jichoni, osha na maji safi mengi papo hapo, dakika 15 au zaidi, hata kama maji ya kunywa yatakwisha, kama una lenzi za kuvaa machoni zitoe, kisha nenda kwa daktari siku hiyohiyo, hata kama maumivu yamepoa. Beba kitawi kwenye mfuko wa nailoni umwonyeshe. Usimimine maziwa ya ng'ombe wala dawa ya mtu mwingine. Kwenye ngozi, osha kwa sabuni kabla utomvu haujakauka, na usikae juani na utomvu mwilini. Mimi sasa navaa miwani ya kawaida isiyo na namba, euro 5, navunja kwa mkono wa kushoto wenye glavu na kushika lenzi kwa mkono wa kulia usio na glavu. Mkono wa kushoto haupandi juu ya kifua mpaka nione bomba na sabuni. Inahitaji mazoezi. Siku za mwanzo nilijifunga utepe mwekundu kwenye kifundo cha mkono wa kushoto ili nisisahau.

Barba nilipomkuta tena na jicho jekundu alielewa bila mkalimani. Akaonyesha kwa ishara jinsi zamani walivyotwanga mimea hii na kuitia kwenye maji yaliyotuama ili samaki waelee, jambo ambalo siku hizi ni kosa kisheria. Nikamwambia na sisi tuna utupa. Alilipenda neno hilo. Akalirudia mara kadhaa akiwapigia mbuzi mluzi.

Kuhusu programu za simu za kutambua mimea: zitumie, lakini kama jirani anayejua mengi na kusikia machache. Yangu ilinipa characias kwa picha ya dendroides, kwa uhakika mkubwa kabisa, kwa sababu nilipiga kichaka kizima kutoka barabarani. Tatizo lilikuwa picha yangu. Nilipoanza kupiga jani, mwavuli kutoka juu ili mikono ihesabike, kikombe kupitia lenzi iliyobandikwa kwenye kamera, na kifuko kutoka ubavuni, hata watu waliobobea waliweza kunijibu. Picha mia za kichaka cha mbali zilikuwa hazina thamani. Nilizifuta zote, picha za wiki mbili.

Na kama utakausha sampuli kwa ajili ya hebaria, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa, ujue yuforbia haikubali kufa upesi. Nilizibana kwenye magazeti kama mmea mwingine wowote, baada ya siku 10 nikafungua nikakuta vijiti upande huu na rundo la majani upande ule. Mfanyakazi wa maabara ndiye aliyenifundisha kuchovya tawi kwenye maji ya moto sana kwa sekunde chache kabla ya kubana, na kubadilisha karatasi kila siku. Vifuko vya mbegu vitie kwenye bahasha na uifunge. Vikikauka hupasuka kwa nguvu. Mwezi Mei nilikaa chumbani usiku mzima nikisikia tak, tak, kama mtu anarusha punje za mahindi dirishani, na asubuhi mbegu zilikuwa hadi ndani ya viatu.

Namba za mwisho za ploti zilikuwa ndogo kuliko nilizoota Februari, lakini zilisimama. Nilipotetea tasnifu niliwaonyesha pia jedwali la kwanza, lile la uongo, na safu ya pili niliyoiandika "baada ya kupiga magoti". Msimamizi alicheka. Wengine hawakuelewa, sikuwaeleza.

Wiki ile nilimpigia mjomba, ndiye anayeishi pale bomani sasa. Nikamwamkia, tukaulizana hali za watu na za mifugo, nikamtumia picha ya dendroides. Akajibu kwa sauti: "Hiyo si mnyaa, mwanangu. Mnyaa hauna majani." Nikamwambia ni kweli, mjomba, lakini nenda pale wigoni, tafuta ncha ya tawi yenye vitu vya njano, chukua kile kioo cha kusomea Biblia, tazama ndani. Kimya cha robo saa. Kisha ikaja picha moja yenye ukungu: kidole gumba, tawi la mnyaa limevunjwa katikati, tone jeupe linashuka kwenye kiganja, na kwa nyuma kikombe cha njano, kidogo kama punje ya mchele.

"Nimekiona," akaandika. "Kuna sisimizi."

Nikamjibu mjomba, tafadhali, kanawe mikono kwanza, kwa sabuni, na usijiguse macho.